Louis Armstrong na Kabati la Tarumbeta

Mhadhara kwa wananchi, Mwandiga, Kigoma



Mwezi Novemba 1960 tarumbeta mashuhuri kuliko yote duniani lililia Elisabethville, mji wa Kongo ambao leo tunauita Lubumbashi. Aliyelipuliza alikuwa Louis Armstrong, Mmarekani mweusi wa miaka 59, mtu wa New Orleans. Kongo kwetu si habari ya mbali. Siku mbingu ikiwa safi tunaiona milima yake kwa macho, na wengi wenu hapa mna shangazi au mjomba ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo ninapozungumza leo juu ya maisha ya mtu huyu, sizungumzi juu ya mgeni kabisa. Alipita kwa majirani.

Ila sikuja kuwasimulia sifa zake tu. Hoja yangu ni kwamba Armstrong hakutokea kwa kipaji peke yake. Alitokea kwa sababu palikuwa na nyumba iliyokuwa na kabati la vyombo vya shaba, na palikuwa na mwalimu aliyekubali kulifungua kwa mtoto maskini tena mtukutu. Mkoa wetu una kipaji cha kumwaga. Mwaka 2012 waimbaji wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, na nchi nzima ikashangaa kuona kuwa nusu ya sauti inazozipenda zina asili huku. Sauti tunazo. Sasa nitajieni mpulizaji mmoja wa tarumbeta kutoka Kigoma anayejulikana kwa jina lake kama wanavyojulikana waimbaji wale. Mmeona mlivyonyamaza.

Tuanze New Orleans. Ni mji wa bandari karibu na mto Mississippi unapoingia baharini, na kama bandari zote ulikusanya watu wa kila namna: Wafaransa, Wahispania, Wakaribi, na zaidi ya wote Waafrika walioletwa kwa pingu pamoja na watoto na wajukuu wao. Armstrong alizaliwa huko tarehe 4 Agosti 1901. Mwenyewe aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, siku ambayo Marekani husherehekea uhuru wake. Baada ya kifo chake ndipo watafiti walipokuta tarehe ya kweli katika kitabu cha ubatizo. Baba yake, William, aliiacha familia mapema. Mama yake, Mary Ann, ambaye watu walimwita Mayann, alihangaika kwa vibarua, na mtoto akalelewa miaka ya mwanzo na bibi yake.

Mtaa wao ulikuwa wa dhiki na visu. Louis aliuza magazeti na akabeba makaa ya mawe. Alifanya kazi kwa familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania, akina Karnofsky, waliozunguka na mkokoteni wakinunua vitu chakavu na kuuza makaa. Juu ya mkokoteni ule alipuliza kipenga cha bati kuwaita wateja. Baadaye aliandika kwamba akina Karnofsky walimkopesha fedha akanunua korneti kuukuu ya dola 5 kwenye duka la rehani. Korneti ni ndugu mfupi wa tarumbeta, na sauti yake ni nene kidogo. Kwa hiyo hata chombo chake cha kwanza kilitokana na mkono wa mtu mwingine.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1912, watu wakiupokea mwaka mpya mitaani, kijana huyu alichukua bastola akafyatua hewani. Alikuwa na miaka 11. Polisi walimkamata palepale, na kesho yake akapelekwa Colored Waif's Home, nyumba ya kurekebishia watoto weusi. Mahali hapo paliongozwa kijeshi. Msimamizi wake, Joseph Jones, aliwahi kuwa askari, na watoto waliamka kwa baragumu, wakala kwa baragumu, wakalala kwa baragumu.

Mwalimu wa muziki aliitwa Peter Davis. Naomba mlishike jina hili, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kisa hiki, ingawa katika vitabu vingi hupewa mistari michache tu. Mwanzoni Davis hakumtaka Louis. Aliujua mtaa aliotoka, akamhesabu kuwa mtoto asiyefaa. Miezi ikapita, mtoto akitazama wenzake wakifanya mazoezi bila yeye. Halafu mwalimu akampa tari apige. Akaona mapigo yamekaa sawa. Akampandisha kwenye ngoma, kisha vyombo vya shaba, kisha baragumu la kuamshia watoto, ambalo Louis alilisugua mpaka likang'aa. Mwishowe akampa korneti, na baada ya hapo akamfanya kiongozi wa bendi. Bendi ilipopita mtaani kwa akina Louis siku ya gwaride, watu walewale waliozoea kumwona mtukutu walitoka majumbani wakamiminia fedha kofiani, nyingi kiasi kwamba, kama alivyokuja kusimulia katika kitabu cha maisha yake, zilitosha kununua vyombo vipya vya bendi.

Tazameni mambo yaliyokutana hapo. Palikuwa na chombo kisicho mali ya mtoto, na mwalimu aliyekuwepo kila siku, si wa semina ya siku mbili. Palikuwa na ratiba. Tena palikuwa na mahali pa kupigia mbele ya watu. Mdomo wa mpulizaji ni misuli, na misuli hiyo hulegea ukiacha kwa wiki chache tu. Mwimbaji anaweza kujifunza peke yake akiteka maji. Mpiga gitaa anaweza kutengeneza gitaa la kopo, na wengi wakubwa wa dansi letu walianza hivyo. Tarumbeta halitengenezwi kwa kopo. Lazima mtu alinunue, mwingine alilinde, mwingine afundishe namna ya kubana midomo, kuvuta pumzi kutoka tumboni, na kutia mafuta vali zake ili zisikwame.

Louis alitoka kule Juni 1914, akarudi kwenye makaa mchana na muziki usiku. Mpulizaji mkubwa wa mji wakati ule, Joe Oliver, ambaye watu walimwita King, alimpa masomo na korneti yake kuukuu. Oliver alipohamia Chicago, kijana akachukua nafasi yake katika bendi ya Kid Ory. Kati ya 1919 na 1921 alifanya kazi katika meli za abiria za mto Mississippi, kwenye bendi ya Fate Marable. Hapo ndipo alipojifunza vizuri kusoma noti. Meli ile ilikuwa chuo: mazoezi mchana, dansi usiku, na kiongozi asiyevumilia uzembe.

Nataka nitue kidogo kwenye mitaa ya New Orleans, maana hapo ndipo tunapokutana nao uso kwa uso. Watu weusi wa mji ule walikuwa na vyama vya kusaidiana. Mwanachama akiugua, chama humtazama. Akifa, chama humzika, na bendi ya shaba humsindikiza kwa mwendo wa pole mpaka makaburini, kisha wakirudi hupiga kwa furaha na watu hucheza nyuma yao barabarani. Vyama hivyo vilikuwa na wafalme wao na mavazi yao ya gwaride. Mwaka 1949, tayari akiwa maarufu duniani, Armstrong alirudi nyumbani akavishwa ufalme wa chama kimoja kiitwacho Zulu, akapita juu ya gari siku ya kanivali, na maisha yake yote aliihesabu heshima ile kuwa kubwa.

Wazee wangu, hamwoni kitu mnachokijua? Pwani yetu, tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, palizuka ngoma ya beni. Watu walizisikia bendi za kijeshi na za misheni, wakachukua gwaride lile, wakalifanya lao. Vyama vikapanda vyeo: kingi, jenerali, kapteni. Wakashona sare. Wakazikana, wakachangiana harusi. Katika Tanganyika wakagawanyika Marini na Arinoti, wakashindana kwa nguo, kwa karamu na kwa mlio. Vita ya 1914 hadi 1918 iliwachukua askari na wapagazi, ikawavurumisha kila upande, na beni ikaenda nao: bara, Nyasa, mpaka Katanga. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kuanzia mwaka 1916 Wabelgiji walikuwa wamekalia upande wetu huu. Hizo ndizo njia ambazo watu, habari na nyimbo zilipitia.

Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na kinastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba ngoma ile ilikuwa uigaji wa Mzungu. Haikuwa uigaji. Ilikuwa namna ya watu waliong'olewa makwao kupata ndugu wapya mjini, jambo lilelile walilolifanya wajukuu wa watumwa kule New Orleans. Tofauti moja ilituumiza: shaba. Marekani, viwanda vilizalisha vyombo vingi, vyombo vikuukuu vikajaa maduka ya rehani, na mtoto wa makaa akaweza kuvipata. Kwetu bara vyombo vya shaba vilikuwa vichache na vya serikali au misheni. Watu hawakukata tamaa. Kandokando ya Ziwa Nyasa walitengeneza vipulizo vya vibuyu, na ngoma ya malipenga inaishi mpaka leo. Lakini kibuyu kina mipaka yake, na kumfikisha mtu alikofika Armstrong hakiwezi.

Alikofika ni wapi? Mwaka 1922 Oliver alimwita Chicago. Aprili 1923 bendi yao ilirekodi santuri zake za kwanza katika studio ya Gennett, mjini Richmond, jimbo la Indiana. Wakati ule hapakuwa na maikrofoni. Wanamuziki walikusanyika mbele ya pembe kubwa iliyonasa sauti. Lil Hardin, mpiga piano aliyekuja kuwa mke wake, alisimulia kwamba Louis ilibidi asimamishwe mbali, nyuma ya wenzake, kwa sababu sauti yake iliwameza wote. Tarehe 12 Novemba 1925 akaanza kurekodi na kundi lake mwenyewe, Hot Five: yeye, Lil kwenye piano, Kid Ory na tromboni, Johnny Dodds na klarineti, Johnny St. Cyr na banjo.

Jazi ya kale ya New Orleans ilikuwa mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja. Korneti hubeba wimbo, klarineti hupanda na kushuka juu yake, tromboni huunguruma chini, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Armstrong alitoka ndani ya mazungumzo hayo akasimama peke yake. Kuna rekodi ya tarehe 28 Juni 1928 inayoitwa West End Blues, wimbo uliotungwa na King Oliver. Inaanza kwa tarumbeta tupu. Hakuna ngoma, hakuna piano. Anapanda kwa noti chache zilizo imara kama hatua za mtu anayejua aendako, kisha zinamwagika, zinashuka kwa kasi, zinapinda, na wenzake wanaingia polepole kama watu waliokuwa wameshikwa na butwaa. Karibu na mwisho anaishika noti moja ya juu, anaishika, anaishika, na piano inazidi kusogea chini yake, mpaka msikilizaji naye anabana pumzi. Vijana mnaotunga kwa kompyuta, itafuteni rekodi hiyo muisikilize kwa spika nzuri. Ni dakika tatu na kidogo. Baada ya hapo, kila mpulizaji duniani alijua kwamba tarumbeta linaweza kusimulia habari za mtu mmoja.

Aliimba pia, kwa sauti ile ya mikwaruzo, na mwaka 1964 wimbo wake wa Hello, Dolly! uliwaondoa Beatles kileleni Marekani akiwa na umri wa miaka 62. Sitakaa sana hapo. Umaarufu wake wa filamu na televisheni unajulikana, na kwa maoni yangu umefunika kazi yake kubwa zaidi, ile ya miaka ya 1920. Gharama yake inajulikana kidogo. Alipuliza noti za juu kwa nguvu, usiku baada ya usiku, mpaka midomo ikapasuka na kuota makovu. Kufikia mwaka 1934 ilibidi apumzike miezi kadhaa Ufaransa. Alipaka marhamu midomoni maisha yake yote.

Sasa turudi Afrika. Mei 1956 alifika Gold Coast, nchi iliyokuwa inakaribia kuwa Ghana. Umati ulimpokea uwanja wa ndege, na wanamuziki wa Accra, akiwamo E.T. Mensah, mpulizaji mkuu wa hailaifu, walimpigia. Katika umati alimwona mwanamke akicheza ambaye alifanana mno na mama yake Mayann, aliyekwisha fariki. Kuanzia siku ile alisema wazi kwamba asili yake ni huku.

Oktoba 1960 alirudi. Sehemu ya mwanzo ya safari hiyo ililipiwa na kampuni ya Pepsi-Cola, halafu serikali ya Marekani ikaiendeleza. Tarehe 28 Oktoba aliingia Léopoldville, na wananchi wakamweka juu ya kiti wakambeba mabegani kama mfalme, ngoma zikilia. Kutoka huko alikwenda Elisabethville, na Afrika Mashariki alifika Nairobi. Mwaka mmoja tu kabla, Juni 1959, moyo ulikuwa umemwangusha huko Italia, na madaktari walidhani amekwisha.

Lazima niseme jambo lililo gumu katika safari ile. Wakati Armstrong anabebwa mabegani Léopoldville, Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyechaguliwa, alikuwa amezingirwa katika nyumba yake mjini humohumo. Katanga, jimbo lenye mji wa Elisabethville alikokwenda kupiga, ilikuwa imejitenga tangu Julai chini ya kiongozi wake Tshombe, na serikali iliyomtuma Armstrong ndiyo iliyotaka Lumumba aondoke. Mwanahistoria Susan Williams ameandika kwamba mkuu wa ujasusi wa Marekani mjini Léopoldville aliketi chakulani pamoja na mwanamuziki huyu. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na Elisabethville, miezi miwili hivi baada ya tarumbeta lile kulia. Armstrong mwenyewe alipenda kusimulia kwamba vita vilisimama Kongo ili watu waje kumsikiliza.

Mimi naamini alitumiwa. Tena naamini hakuwa kibaraka. Mwaka 1957, gavana wa Arkansas alipowazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya Little Rock, Armstrong alimshutumu hadharani Rais Eisenhower kwa woga, akakataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali. Wengi wenye sauti walinyamaza siku zile. Yeye aliyadhuru mapato yake kwa kusema. Yote mawili yako ndani ya mtu mmoja, na anayetaka kuelewa maisha yake asitupe upande wowote. Watu wa Léopoldville waliombeba hawakubeba sera za Marekani. Walimbeba mtu mweusi aliyetoka chini akaheshimiwa duniani, katika mwaka ambao wao wenyewe walikuwa wamejinyakulia bendera.

Mwimbaji wa bendi yake, Velma Middleton, hakurudi nyumbani. Alipatwa na kiharusi Sierra Leone, Januari 1961, akafa Freetown mwezi uliofuata. Huwa hatajwi, na mimi nimependa atajwe hapa Mwandiga.

Kuna safari nyingine iliyofanywa na tarumbeta bila mwenyewe. Johannesburg, miaka ya 1950, padri Trevor Huddleston alikuwa na mwanafunzi mkorofi aitwaye Hugh Masekela. Kijana alimwahidi kwamba akipewa tarumbeta hatasumbua tena. Padri akanunua tarumbeta, akatafuta mwalimu kutoka bendi ya shaba ya manispaa, na wanafunzi wengine walipoona nao wakataka, ikazaliwa Huddleston Jazz Band. Serikali ya ubaguzi ilipomchoka padri, shirika lake likamwita Uingereza. Akipita Marekani alikutana na Armstrong, akamweleza habari za watoto wale. Armstrong akatoa mojawapo ya matarumbeta yake, likatumwa Johannesburg, likafika mwaka 1956. Iko picha ya Masekela akiruka juu amelishika.

Huddleston yuleyule ndiye aliyekuja Tanganyika mwaka 1960 kuwa Askofu wa Masasi, akakaa mpaka 1968. Na Masekela, hadi kufa kwake mwaka 2018, alisikika kila bara. Peter Davis alimfungulia Armstrong kabati. Armstrong akamfungulia Masekela. Wa tatu tungemtarajia huku kwetu.

Na hatukukosa kujaribu. Dansi letu lilikuwa na shaba, na shaba nzuri. Tuseme kweli kwamba haikuja moja kwa moja kutoka New Orleans. Ilipitia Cuba. Santuri za Cuba zilizoingia tangu miaka ya 1930 zilikuwa na tarumbeta linalojibu waimbaji, na Kongo wakazichukua, na Morogoro Salum Abdallah akazichukua hata bendi yake akaiita Cuban Marimba. Bara letu la magharibi likawa na moto wake: Kiko Kids wa Tabora, Tabora Jazz na Segere Matata yao, na kule Dar es Salaam Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na watu wa kwetu huku. Kisha zikaja zile za taasisi. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, mwaka 1964, mama wa Msondo. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Polisi Jazz. Kimulimuli ya JKT. BIMA Lee ya Shirika la Bima. Mlimani Park ya mwaka 1978, Sikinde. Ikaja pia Maquis kutoka Katanga, ambayo ilimleta mpulizaji Kanku Kelly, aliyekuja kuongoza Kilimanjaro Connection.

Katika bendi hizo za taasisi vyombo havikuwa mali ya mwanamuziki. Vilikuwa mali ya chama, kiwanda, jeshi, shirika. Wanamuziki walilalamikia jambo hilo, na walikuwa na haki: ukigombana na mkubwa unaondoka mikono mitupu, na bendi zikibomoana kila mwaka chanzo mara nyingi kilikuwa hicho. Ila mfumo huo uliolalamikiwa ndio uliokuwa kabati. Kijana wa mshahara mdogo angenunuaje saksafoni mbili, matarumbeta matatu na tromboni? Sikilizeni tena zile nyimbo za Sikinde za mwanzoni mwa miaka ya 1980: mwimbaji anamaliza ubeti, na wapulizaji wanaingia kwa pamoja, wamebana, wamepangwa kwa sauti tatu, kama baraza linalothibitisha neno la msemaji. Mwimbaji Gurumo tunamjua. Bitchuka tunamjua. Wale waliosimama nyuma wakapuliza, ni wangapi kati yetu wanaoweza kuwataja?

Viwanda vilipoanguka na mashirika yakauzwa, miaka ya 1980 na 1990, kabati likafungwa. Bendi zikanunua kinanda cha umeme chenye kitufe cha kuiga tarumbeta. Simlaumu aliyenunua, alikuwa na mshahara wa kulipa. Kinanda hakichoki midomo. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kusimama chini ya jukwaa akitamani kuwa kitufe.

Shaba imebaki katika sehemu chache. Ipo kwenye bendi za polisi na majeshi. Ipo kwenye makanisa ya Kilutheri na Kimoravian, ambako wamisionari wa Kijerumani waliacha desturi ya matarumbeta na waumini wakaishika. Na ipo kwenye harusi. Matarumbeta ya harusi, yale yanayopanda nyuma ya gari dogo la mizigo na kumsindikiza bibi harusi huku akina mama wakicheza barabarani, ndiyo jamaa wa karibu kabisa wa bendi zilizomlea Armstrong. Gwaride, umati unaofuata nyuma, fedha zinazotunzwa papo hapo. Tunayadharau kwa kuyaita kelele. Ni chuo kilicho wazi, na vijana wake wengi wamejifunza kwa sikio, kwa vyombo vilivyozibwa matundu kwa risasi na gundi, bila mtu wa kuwaonyesha noti moja.

Kwa hiyo ombi langu ni la vitu vinavyoshikika. Shule moja ya sekondari, hapa Mwandiga au mjini, iwe na kabati lenye kufuli na vyombo sita vya shaba: korneti mbili, matarumbeta mawili, tromboni mbili. Kila mtoto awe na kipande chake cha mdomoni, kwa ajili ya afya. Atafutwe askari mstaafu wa bendi, alipwe posho, aje siku tatu kwa wiki, mwaka mzima, si wiki ya mwenge tu. Watoto wapewe mahali pa kupigia: mahafali, sherehe za Desemba 9, mechi, na harusi zenu wenyewe. Wasichana waingie tangu siku ya kwanza. Na wale wasanii wetu waliofanikiwa Dar es Salaam, ambao tunawashangilia kwa haki, waombwe wanunue chombo kimojakimoja, majina yao yaandikwe kwenye kasha. Halmashauri nayo iulizwe, kwa barua, si kwa manung'uniko.

Armstrong alifariki nyumbani kwake, mtaa wa Corona, New York, tarehe 6 Julai 1971. Mwaka 1931, alipokuwa ameanza kuvuma, alikuwa amerudi kwenye nyumba ile ya watoto, akapigwa picha akiwa pamoja na Peter Davis na wavulana wa bendi. Mwaka 1965 mwalimu yule, mzee sana, aliletwa kwenye televisheni aonekane na mwanafunzi wake. Davis alifundisha mamia ya watoto ambao hatuna habari zao. Hakuwa anamtafuta Armstrong. Alikuwa anafundisha bendi ya shule.

Mzee yeyote hapa aliyewahi kupuliza, jeshini, kanisani au kwenye dansi, nitaomba yeye aanze kuchangia. Karibuni.